Mtaji wa Mwanzo katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho huona, akisha kuipa kisogo Mau Summit, nchi ya kijani isiyo na mwisho. Michai imekatwa sawasawa kama iliyopimwa kwa kamba, na katikati yake hutokea vichwa vya wachumaji au, siku hizi, mashine za kuchumia. Hayo ndiyo mashamba makubwa, nayo yamepigwa picha mara nyingi hata mgeni hudhani kwamba chai yote ya huko ni ya makampuni. Lakini mtu akishika njia ya Litein na Sotik, kisha akageuka kuelekea Bomet, ataona jambo jingine. Ataona nyumba, ng'ombe wawili watatu, mahindi, na kando ya mahindi kipande cha chai ambacho pengine hakizidi nusu ya eka. Kipande kimoja ni kidogo. Vyote pamoja ni maelfu juu ya maelfu.

Wewe usomaye insha hii, yamkini umezaliwa katika nyumba mojawapo ya hizo, na karo yako imetoka katika kipande hicho. Je, umepata kuuliza kilianzaje? Mchai hukaa ardhini miaka kama mitatu kabla ya kuchumwa kwa faida, na jani lake likisha kuchumwa halina thamani ila lifike kiwandani upesi, kabla halijaharibika. Mtu asiye na akiba alipata wapi mche? Nani alikubali kumngoja miaka mitatu, na nani alimjengea kiwanda? Kila mtu atakaye kuanzisha biashara ndogo, iwe ya chai, ya maziwa, ya cherehani au ya kusaga unga, hukutana na maswali kama hayo. Kwa hiyo nimeona yafaa tuyatazame kwa taratibu, tukianzia mbali kidogo.

Kabla ya reli na kabla ya shilingi, mtaji wa Wakipsigis ulikuwa na miguu minne. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja, kwa maana maradhi au uvamizi wa usiku mmoja ungeweza kumfukarisha. Aliwagawanya kwa watu wengine, pengine mbali na kwake, kwa desturi iitwayo kimanagan. Mpokeaji hakuwa mwenye ng'ombe. Alimchunga, akanywa maziwa yake, akalisha watoto wake. Lakini ng'ombe na uzao wake walibaki mali ya yule aliyewatoa. Kijana aliyekuwa hana kitu aliweza hivyo kupata maziwa nyumbani na jina jema mtaani, na kwa jina hilo kusimama baadaye kwa miguu yake mwenyewe.

Usidhani kwamba hii ilikuwa sadaka. Mtoaji alipata usalama wa mali yake, na mpokeaji alipata riziki. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe. Tena hakuna aliyepewa ng'ombe kabla ya kutazamwa. Je, ni mchungaji mwangalifu? Akipatwa na msiba wa mifugo, atasema kweli? Majirani wa kokwet, yaani mtaa wenye baraza lake la wazee, walijuana kwa tabia, na sifa ya mtu ndiyo iliyokuwa rehani yake. Shika neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tutazame msaada wa namna nyingine kabisa, uliotolewa katika nchi hiyo hiyo kwa watu wengine. Vita Kuu vilipokwisha mwaka 1918, serikali ya Uingereza ilikuwa na maofisa wengi waliojeruhiwa, na ikataka kuwapa mahali pa kuanza maisha upya. Ikaundwa jumuiya ya maofisa hao, iliyojulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, BEADOC, nayo ikapewa eka zipatazo 25,000 katika ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho. Maofisa walikuja kulima kitani, zao ambalo nyuzi zake zilikuwa na bei kubwa sana wakati wa vita.

Ewe msomaji, hebu wapime watu hawa. Ardhi walipewa. Serikali ilikuwa yao. Elimu ya shule walikuwa nayo, na fedha kidogo pia. Ni nani awezaye kutamani msaada mkubwa kuliko huo? Hata hivyo hawakudumu. Bei ya kitani ilianguka vibaya katika miaka ya 1920 na 1921, na hata kile kilichovunwa kilipaswa kuburutwa kwa mikokoteni katika matope ya mvua za Kericho mpaka kituo cha reli cha Lumbwa, ambacho leo huitwa Kipkelion. Wengi wao hawakuwa wakulima, na baadhi yao walikuwa na majeraha yasiyowaruhusu kazi nzito. Muda si mrefu mpango wote ulivunjika. Walikuwa wamepewa kila kitu isipokuwa soko la kutegemewa, njia ya kufikia soko hilo, na mtu wa kuwafundisha kazi.

Ingekuwa haki kwamba ardhi hiyo irudi kwa wenyewe, lakini haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay, ambayo yalikuwa na fedha za kungoja, viwanda, mabingwa wa kilimo, na wanunuzi huko London. Wakipsigis wengine walihamishwa, na wengine wakageuka kuwa wakazi wasio na haki katika ardhi ya baba zao. Ukoo wa Talai, ambao serikali iliuogopa kwa nguvu zake juu ya watu, ulipelekwa kwa amri uhamishoni Gwassi tangu mwaka 1934. Malalamiko ya mambo hayo hayajafa. Mwaka 2021 yalizungumzwa hata na wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa. Sikuyaleta hapa ili kujaza karatasi. Mtu akisema kwamba mkulima mdogo alianza bila mtaji kwa sababu alikuwa mvivu au hakujua maana ya mali, inafaa akumbushwe ni wapi sehemu ya mtaji huo ilikwenda.

Makampuni yalileta wafanyakazi wengi, nao walihitaji kula. Hapo Wakipsigis waliona mlango. Walinunua plau, wakalima mahindi mengi kuliko ya nyumbani, wakayauza mashambani. Na wengine wakaanza kuzungushia ua vipande vyao vya ardhi bila kungoja amri ya serikali. Mahindi yakazaa biashara nyingine, nayo ni vinu vya kusaga vilivyoendeshwa kwa maji. Nchi ina mito mingi yenye maporomoko, na mtu aliyeweza kuchimba mfereji na kupata mawe na gurudumu aliweza kusaga unga wa tarafa nzima. Mtu mmoja hakuumudu mzigo huo kwa urahisi, kwa hiyo watu walichanga: huyu akauza fahali, yule akaleta mshahara aliouweka akiba, mwingine akatoa mahali penyewe ukingoni mwa mto. Mimi huvihesabu vinu hivyo kuwa chuo cha kwanza cha biashara katika wilaya ile, kwa sababu humo watu walijifunza kugawana faida kwa hesabu na kugombana juu ya hesabu hiyo bila kuvunja kinu.

Kukopa kwingine kulikuwa kugumu. Benki hazikumjua Mwafrika. Wenye maduka wa Kihindi mjini waliweza kumkopesha bidhaa kidogo mchuuzi waliyemwamini, lakini serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, hata mkopeshaji asiye Mwafrika aliyezidisha kiasi kidogo kilichowekwa alijikuta hana nguvu ya kudai mahakamani pasipo kibali cha ofisa. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kumlinda Mwafrika asitumbukie katika madeni. Ulinzi huo ulimfungia nje ya duka lile lile alilotaka kufungua.

Na chai yenyewe? Kwa muda mrefu iliwekwa mbali naye. Kupanda chai kulitaka leseni, na leseni zilikuwa za wazungu. Wakubwa walidai kwamba mkulima mdogo angeharibu ubora, kwamba angechuma majani makuukuu badala ya majani mawili na chipukizi, na kwamba mashamba yake yangeeneza magonjwa. Baada ya mwaka 1950 ndipo majaribio yalipoanza huko Nyeri, na kiwanda cha Ragati kikafunguliwa mwaka 1957 kwa majani ya wakulima wadogo. Katikati ya hayo, mwaka 1954, katika siku za Hali ya Hatari, ulitolewa mpango wa ofisa wa kilimo aitwaye R. J. M. Swynnerton. Mpango huo ulitaka Waafrika wapimiwe ardhi, wapewe hati, na waruhusiwe kulima mazao ya thamani, chai ikiwamo. Shabaha yake moja ilikuwa siasa: serikali ilitumaini kwamba mtu mwenye hati na zao la kuuza hatakuwa na hamu ya kuasi. Lakini mlango uliofunguliwa kwa sababu mbaya ni mlango uliofunguliwa, na watu waliupita. Miaka ya 1950 ilipokuwa ikimalizika, wakulima wa Kipsigis nao walikuwa wameanza kupanda.

Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya kustawisha mazao hayo maalumu, na mwezi wa Januari 1964, majuma machache baada ya Uhuru, kazi ya chai ikakabidhiwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya, ambayo kila mtu aliiita KTDA. Fedha zilitoka kwa shirika la maendeleo la Uingereza na, mwaka huo huo wa 1964, kwa tawi la Benki ya Dunia lililokopesha dola milioni 2.8. Fedha hizo hazikugawiwa kwa wakulima mikononi. Sharti tuone zilifanya nini.

Mkulima alikwenda kwa ofisa wa kilimo, na ofisa akaja kuona shamba: mteremko wake, udongo wake, na ukubwa wa nafasi. Akikubaliwa, mkulima alipewa miche kwa mkopo. Siku hizo mche ulikuzwa kitaluni mpaka ukawa na shina nene, kisha ukakatwa ukabaki kama kisiki kifupi chenye mzizi mrefu. Baadaye wataalamu wa taasisi ya utafiti wa chai, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1951 na kuwa na makao yake Kericho, walisaidia kueneza upandaji wa vipandikizi vilivyokatwa katika michai bora. Vipandikizi hivyo vilipunguza gharama sana, na mkulima akaweza kuwa na kitalu chake mwenyewe nyuma ya nyumba. Ofisa alirudi kuonyesha jinsi ya kupanda kwa mistari, jinsi ya kupogoa, na jinsi ya kuchuma.

Katika miaka ya kungoja, jamaa waliishi kwa mahindi na maziwa. Hii ndiyo sababu vipande vya chai vilikuwa vidogo. Mtu mwenye busara hakung'oa mahindi yote. Chai ilipokomaa, jani lilipelekwa kituoni siku iliyopangwa, likakaguliwa, likapimwa kwa mzani, na karani akaandika uzito katika kitabu. Lori likalichukua mpaka kiwandani. Viwanda vya kwanza vilisimamiwa kwa mkataba na makampuni yale yale ya mashamba makubwa, maana wao ndio waliojua kazi, mpaka Mamlaka ilipopata watu wake. Mwisho wa mwezi mkulima alipokea malipo ya kwanza, na mwisho wa mwaka, baada ya chai kuuzwa, malipo ya pili, ambayo wakulima huyaita bonasi. Katika malipo yalikatwa makato kidogo kidogo kwa kila ratili, na kwa makato hayo deni la miche lilirudi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nakuomba usipite upesi. Swynnerton alidhani kwamba hati ya ardhi ndiyo itakayompatia mkulima mkopo, kwa kuwa benki itashika hati. Yaliyotokea Kericho yalikuwa tofauti. Mkulima hakuweka rehani shamba la baba yake. Dhamana yake ilikuwa jani lenyewe, ambalo halikuwa na mahali pengine pa kwenda ila mzanini. Aliyeshindwa alipoteza muda na jasho, lakini hakufukuzwa nyumbani. Aliyefaulu alilipa bila kwenda ofisini hata siku moja. Tena katika mkopo huo mmoja alipata mche, mwalimu, gari, kiwanda na mnunuzi, yaani yale yaliyowakosa maofisa wa kitani waliokuwa na eka 25,000. Leo wakulima wadogo wa chai nchini Kenya ni zaidi ya 600,000, nao hutoa zaidi ya nusu ya chai ya nchi.

Nisije nikakudanganya kwamba kila kitu kilikuwa chema. Mtu anayeuza kwa mnunuzi mmoja humtegemea mnunuzi huyo kwa kila jambo. Lori lililochelewa lilioza jani la watu wote, na hasara ikawa ya mkulima. Chai ya Kenya huuzwa kwa mnada, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na bei ya huko mkulima wa Mogogosiek haiwezi kuigusa. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika miaka mingi kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Hujibiwa kwamba mnada hulipa kwa ubora, na jibu hilo halijawatosha. Wengine, wakibanwa na karo au ugonjwa, huuza majani kwa wachuuzi wanaolipa fedha taslimu langoni. Huwezi kumlaumu sana mama mwenye mtoto mgonjwa. Lakini kila gunia linalokwenda kwa mchuuzi hulegeza ile dhamana ya jani iliyowapatia wengine miche. Mwaka 2000 serikali ilijitoa, na KTDA ikawa kampuni ya wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao. Tangu hapo ugomvi haukwisha, ila umehamia katika mikutano ya wenye hisa.

Kuna jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Nambari ya mkulima iliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, na mwenye ardhi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mchumaji alikuwa mkewe na watoto. Kwa hiyo yule aliyebeba kikapu hakuwa na jani la kuweka dhamana kwa jina lake, hata akitaka mtaji wa kuku au wa cherehani. Wanawake walijitafutia njia yao: vikundi vya kuchanga kila juma au kila mwezi na kumpa mmoja fedha zote kwa zamu. Kikundi hakina hati wala jengo, na bado mengi hudumu miaka na miaka, kwa sababu asiyelipa zamu yake atakutana na wenzake kisimani kesho asubuhi.

Kwa wenye maduka serikali ilikuwa na njia nyingine. Tangu miaka ya 1950 zilikuwako bodi za pamoja za mikopo katika wilaya, zilizowakopesha wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika. Nia ilikuwa njema, na wako waliofanikiwa. Lakini bodi nyingi zilishindwa kukusanya madeni yao. Katika soko dogo yalisimama maduka kumi, yote yakiuza sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa kwa wateja wale wale. Aliyekopa aliachiwa fedha na barua ya kudaiwa. Hakuna aliyekuja kumfundisha hesabu ya bidhaa, wala hakukuwa na mzani ambao mauzo yake yalipita. Ukilinganisha bodi hizo na mkopo wa miche, utaona kwamba watu walikuwa wale wale, pengine ndugu wa tumbo moja, na serikali ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa katika namna ya msaada.

Siku hizi milango ni mingi kuliko zamani. Shirika la Kenya Industrial Estates, lililoanzishwa mwaka 1967, hukopesha wenye viwanda vidogo. Mfuko wa vijana ulianza mwaka 2006, wa wanawake mwaka 2007, na mwaka 2022 ukaja mfuko wa kukopesha kwa simu, ambao wananchi huuita Hustler Fund. Lakini ukiwauliza watu wa Kericho na Bomet walipopata mtaji wa bodaboda, wa duka la dawa za mifugo au wa mashine ya kusaga, wengi watakutajia chama cha akiba na mikopo. Baadhi ya vyama hivyo vilianzishwa na walimu, vingine na wafanyakazi wa mashamba ya chai. Imarisha Sacco ya Kericho, kwa mfano, ilianza ikiwa ya walimu wa Kipsigis.

Utakapofika umri wa kuingia ofisi kama hiyo, utaulizwa kwanza umeweka akiba kiasi gani na kwa muda gani. Utaulizwa fedha zitarudi kwa njia ya mshahara, ya maziwa au ya jani. Kisha utapewa fomu. Ukurasa wake wa mwisho una mistari mitupu, nayo si ya jina lako wala ya hati ya shamba la baba yako. Ni ya majina na saini za wanachama wenzako, ambao wakisha kukutazama vizuri watakubali kulipa deni lako siku utakaposhindwa.